Tahadhari Kabla ya Kutua

Miezi michache iliyopita tulisafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam kurejea nyumbani Tabora. Hatukuwa wageni wa safari hiyo. Kwa ajili ya vikao na semina tumekwisha kupanda ndege mara nyingi hata hatuhesabu tena, na kama walivyo wasafiri wengi wenye mazoea, tulipoketi tulifunua gazeti. Binti mhudumu aliposimama mbele ya abiria kuonyesha namna ya kufunga mkanda na kuvaa jaketi la kujiokolea, macho yetu yalikuwa katika habari za bei ya tumbaku. Kando yetu aliketi mzee mmoja, mkulima wa Urambo, mwenye umri usiopungua miaka 80. Wajukuu zake walikuwa wamemkatia tiketi ili arudi kutoka katika matibabu ya macho bila ya kuhangaika siku nzima barabarani. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Mzee huyo alimsikiliza mhudumu kama mtu anayesikiliza hukumu ya baraza. Ndege ilipokwisha kutulia angani alitugusa mkono, akauliza: "Mwanangu, yule binti amesema jaketi liko chini ya kiti. Ni chini ya kiti changu au cha huyu aliye mbele yangu? Nimepapasa, sikulipata."

Tulicheka kidogo, tukamjibu: "Babu, usiwe na wasiwasi. Kwetu Tabora hakuna bahari."

Naye akasema, bila ya kucheka: "Kama hakuna bahari, mbona wameliweka?"

Tulikosa jibu. Akauliza tena ni mlango gani tutakaotokea iwapo moto utawaka. Tulimwonyesha ule tulioingilia, mbele kabisa. Kumbe mlango uliokuwa karibu nasi zaidi ulikuwa nyuma yetu, safu nne tu, nasi hatukuwa tumegeuza shingo hata mara moja kuutazama. Mzee wa miaka 80, asiyeona vizuri, katika safari yake ya kwanza, aliuona kabla yetu. Aibu hiyo ndiyo inayotufanya tuandike makala hii, maana tunaamini kwamba hatuko peke yetu.

Ndugu msomaji, lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Ndege inapoteremka ardhini tunasema inatua. Mpagazi anapouteremsha mzigo begani tunasema pia kwamba anatua. Hapa Unyamwezi neno hilo lina historia ndefu. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi hapa, na kutoka hapa hadi Ujiji, ilipitiwa na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe, vitambaa, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kutoka pwani ilichukua miezi. Richard Burton na John Speke waliotoka pwani mwezi Juni 1857 walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwezi Novemba.

Misafara ile haikuwa kundi la watu wanaokwenda ovyo. Mbele alitangulia kirangozi akiwa ameshika bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Burton mwenyewe ameandika kwamba aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini, na mshale ulichomolewa katika podo lake uwe ushahidi wa kumtambua mwisho wa mwendo. Na msafara ulipokaribia mji, wapagazi hawakuingia wakiwa wametawanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Walijipanga, wakavaa nguo zao nzuri walizozihifadhi njia nzima, baragumu zikapulizwa na bunduki zikapigwa ili wenyeji wajue ni nani anayekuja. Ndipo walipotua. Babu zetu walifahamu kwamba dakika za mwisho za safari zinahitaji mpango kama zile za mwanzo, na pengine zaidi, kwa kuwa mtu aliyechoka na anayeuona mji hukaribia kusahau kila kitu.

Wataalamu wa usafiri wa anga wamefikia fikira hiyo hiyo kwa njia yao. Wao huwafundisha watu wao kuziangalia sana dakika tatu za mwanzo baada ya ndege kuruka na dakika nane za mwisho kabla ya kutua, kwa sababu sehemu kubwa ya ajali hutokea katika nyakati hizo mbili. Lakini tazama abiria wanavyofanya. Dakika tatu za mwanzo wanasoma magazeti. Dakika nane za mwisho wanatafuta viatu, wanawasha simu na kupanga nani atawahi teksi.

Tukiulizwa kwa nini hatusikilizi, tuna jibu tulilolirithi: ajali haina kinga. Msemo huu umekuwa blanketi la kufunikia uzembe wetu. Dereva akilewa, ajali haina kinga. Mashua ikijazwa kupita kiasi, ajali haina kinga. Nasi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tunajua kwamba hata dini haikutufundisha hivyo. Tulifundishwa kwamba mtu humfunga kwanza ngamia wake, ndipo akategemea. Asiyemfunga ngamia hana tawakali, ana uvivu. Na matukio ya miaka ya karibuni, tena katika maji na ardhi ya eneo letu hili la Afrika, yanathibitisha kwamba hata ajali inapokwisha kutokea, tofauti kati ya anayetoka na asiyetoka mara nyingi ni jambo dogo alilolijua au asilolijua.

Tuchukue msiba wa Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Shirika la Precision, aina ya ATR 42, iliyokuwa safarini kutoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua katika uwanja wa Bukoba wakati wa mvua na hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Waliofariki walikuwa 19, wakiwemo marubani wote wawili. Walionusurika walikuwa 24. Uwanja ule uko kando ya ziwa, na ndege ilizama karibu na nchi kavu, mkia wake ukibaki juu ya maji. Taifa zima liliziona picha zile: wananchi wamesimama majini, wameshika kamba, wakijaribu kuivuta ndege kwa nguvu za mikono.

Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, jina lake lilitajwa mbele ya taifa, akazawadiwa fedha na kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni haki kuwasifu wavuvi wale, maana hawakungoja amri ya mtu. Lakini hatutakuwa tumewaenzi marehemu kama tutaishia katika sifa. Hatuna budi kujiuliza: sisi tunaopanda ndege zinazotua Bukoba, Mwanza, Musoma na Kigoma, viwanja vilivyo jirani na maziwa makubwa, ni wangapi tunaoweza kulitoa jaketi chini ya kiti gizani, katika maji yanayopanda, huku watu wanapiga kelele? Jibu la mzee wetu wa Urambo liko wazi. Jaketi limewekwa kwa sababu ndege haijui mipaka ya wilaya. Inayotua Tabora leo, kesho inatua kando ya ziwa, na siku hali ya hewa ikiharibika inaweza kuelekezwa kwingine kabisa.

Tuchukue pia tukio la zamani kidogo, ambalo limekuwa somo duniani kote. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege kubwa ya Shirika la Ethiopia aina ya Boeing 767 ilitekwa na watu watatu ilipokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji walitaka wapelekwe Australia, wala hawakukubali kuambiwa kwamba mafuta hayatoshi. Mafuta yaliisha, na nahodha Leul Abate akalazimika kuitua baharini, karibu na ufuko wa Ngazija, ndugu zetu wa Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa.

Jambo la kuhuzunisha katika msiba huo ni hili. Nahodha aliwatangazia abiria wavae majaketi lakini wasiyajaze upepo. Wengi, kwa hofu, waliyajaza wakiwa bado ndani. Ndege ilipopasuka na maji kuingia, jaketi lililojaa likamwinua aliyelivaa hadi darini, naye hakuweza tena kupiga mbizi kuufuata mlango uliokuwa chini ya maji. Kifaa cha kumwokoa kikamfunga. Hawakufa kwa kukosa jaketi. Walikufa wakiwa wamelivaa, kwa kukosa neno moja: ngoja. Neno hilo husemwa katika kila ndege, kila siku, nasi tunasoma magazeti.

Je, basi tuwalaumu abiria tu? Hapana. Hapa tunarudi katika njia ya misafara, kwa kuwa njia ile ina upande wa pili ambao hatupaswi kuuficha. Njia hiyo hiyo iliyopitwa na wapagazi huru waliojivunia kazi yao ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo na makongwa, wakipelekwa pwani kuuzwa. Wote walitembea kwa mstari mmoja. Mtu wa mbali angedhani nidhamu yao ni moja. Kumbe mmoja alifuata kwa sababu ameelewa na amekubali. Mwingine alifuata kwa sababu ya kiboko. Mtumwa haelezwi sababu. Mtu huru hustahili kuelezwa sababu, na akishaelezwa, hutii kwa hiari yake na huwa mlinzi wa amri hiyo kwa wenzake.

Matangazo ya ndani ya ndege, ndugu msomaji, yana kasoro hiyo. Yanatoa amri na kuficha sababu. Funga mkanda, nyanyua kiti, kunja meza, fungua pazia la dirisha. Kwa nini? Hatuambiwi. Na amri isiyo na sababu mtu mzima huiona kama usumbufu wa mkubwa, akaitii akitazamwa na kuivunja akipewa kisogo. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuzieleza sababu hizo hapa, moja baada ya moja, ili asafiriye ajue.

Kiti hunyanyuliwa kwa ajili ya mtu aliye nyuma yako. Kikilala, unamzibia njia ya kutoka, na unamnyima nafasi ya kuinama na kukilinda kichwa chake pindi ndege ikijipiga chini. Meza hukunjwa kwa sababu hiyo hiyo: ikiwa wazi, inakupiga tumboni na kumfungia ndani aliye dirishani.

Pazia la dirisha hufunguliwa ili wahudumu waone kilicho nje kabla ya kufungua mlango. Wakiufungua upande wenye moto, watakuwa wameukaribisha moto ndani. Kadhalika waokoaji walio nje wanaweza kuona ndani. Usiku taa hupunguzwa si kwa kubana matumizi ya umeme, bali ili macho yenu yazoee giza mapema. Atokaye ghafla katika mwanga mkali na kuingia gizani ni kipofu kwa muda, na katika ndege inayowaka muda huo haupo.

Mkanda hufungwa chini ya tumbo, juu ya nyonga, tena ukabana. Hufunguliwa ndege ikiwa imesimama kabisa na taa ya mkanda imezimwa, wala si magurudumu yanapogusa ardhi. Ndege iliyogusa ardhi bado iko katika mwendo mkubwa kuliko basi lolote la Tabora. Rubani anaweza kukanyaga breki ghafla, na anaweza hata kuamua kupaa tena akiona hatari mbele yake. Huko Kigoma, tarehe 9 Aprili 2012, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania aina ya Dash 8 iliharibika vibaya ilipokuwa ikijaribu kuruka, lakini hakuna aliyepoteza maisha. Mtu aliyefunga mkanda katika mtikisiko wa namna hiyo hubaki kitini. Aliyesimama hugeuka kuwa mzigo unaoruka na kuwaumiza wenzake.

Milango uihesabu. Hesabu idadi ya viti kati yako na mlango wa mbele, na kati yako na mlango wa nyuma, maana moshi ukijaa hutaona kitu na mikono yako ndiyo itakuwa macho yako. Katika moshi, inama, kwani hewa iliyo nzuri hubaki chini. Kanuni za kimataifa zinamtaka mtengenezaji wa ndege kubwa za abiria athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka katika sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango. Sekunde 90! Katika ofisi zetu nyingi muda huo haumtoshi mtu kumaliza salamu.

Na mzigo uuache. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa sisi Watanzania tunaosafiri na zawadi za watoto. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Shirika la Emirates iliyotoka India ilijibwaga katika uwanja wa Dubai na kuwaka moto. Watu wote 300 waliokuwamo walitoka hai, ingawa mzimamoto mmoja alipoteza maisha yake katika mlipuko uliofuata. Hata hivyo picha zilizoenea baadaye ziliwaonyesha abiria wakihangaika kuteremsha mabegi huku moshi ukiwa umewazunguka. Walipona, lakini si kwa akili zao. Ulinganishe na tukio la tarehe 2 Januari 2024 katika uwanja wa Haneda, Japani. Ndege ya abiria ya Japan Airlines ilipokuwa ikitua iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, na watu watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walifariki. Ile kubwa iliteketea yote ikabaki majivu. Watu 379 waliokuwa ndani yake walitoka wote. Chombo cha matangazo kiliharibika, wahudumu wakapaza sauti zao, na abiria, kwa jumla yao, waliacha mizigo yao na kufuata. Mtu mmoja akisimama kuchukua begi katika ujia ule mwembamba, anawasimamisha wote walio nyuma yake. Begi lake linapimwa kwa uhai wa watu hao.

Atatokea msomaji wa kutuambia: haya ni mambo ya wakubwa. Wakulima wangapi wa Sikonge au Kaliua wanapanda ndege? Tunamjibu mara mbili. Kwanza, katika miaka ya karibuni ndege zimekuwa zikitua Tabora zikiwa na wafanyabiashara, wagonjwa, wanafunzi na wazee kama yule jirani yetu, na si maofisa peke yao. Pili, nidhamu ya kutua haiko katika ndege tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kimejaza watu kupita uwezo wake, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Ilielezwa wakati ule kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Waliiona nchi kavu. Waliwaona jamaa zao waliokuja kuwapokea. Ni hadithi ile ile ya mtu anayeuona mji akasahau safari. Anayejifunza kukaa kitini hadi ndege isimame amejifunza pia kukaa kitini basi linapoingia stendi, na kutulia kivuko kinapokaribia gati.

Sasa tufanye nini? Sisi hatupendi makala zinazolalamika na kumalizia kwa kusema "wahusika waangalie." Tunatoa mapendekezo.

Kwanza, Kiswahili kipewe heshima yake ndani ya ndege zetu. Si haba matangazo yanasomwa kwa Kiswahili, lakini mara nyingi yanasomwa mbio kama mtu anayelipa deni asilolipenda. Yasomwe taratibu, na kila amri ifuatwe na sababu yake kwa sentensi moja. Hakuna abiria atakayechoka kwa dakika moja zaidi.

Pili, katika ukumbi wa kungojea wa kila uwanja kiwekwe kiti kimoja cha ndege, mkanda mmoja na jaketi moja la mazoezi. Abiria hukaa pale muda mrefu bila ya kazi. Anayepanda mara ya kwanza avishwe, ashike, afunge, afungue. Mkono uliokwisha kufanya jambo mara moja haulisahau kwa urahisi kama sikio lililosikia tu.

Tatu, viwanja vilivyo kando ya maji vishirikiane na wavuvi wa jirani. Kama wao ndio wanaofika kwanza, basi wafundishwe, wapewe kamba na vifaa, na wajue mlango wa ndege unafunguliwaje kutoka nje. Tusingoje msiba mwingine ndipo tumtafute shujaa mwingine.

Nne, elimu hii iende kwa wananchi kwa njia tunayoijua. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kujadiliana na kisha kwenda kuchimba vyoo kwa mikono yao. Kampeni ile ilifaulu kwa sababu watu walielezwa sababu, wakazungumza wao wenyewe, wakatenda. Usalama wa safari, wa angani, majini na barabarani, unastahili kampeni ya namna hiyo, kuanzia redioni hadi katika mashina na madarasa.

Tano, na hili linatuhusu sisi wenyewe tulio katika uongozi: sisi ndio tunaokaa mbele, na sisi ndio tunaotazamwa. Kiongozi anayezungumza na simu mhudumu anapoeleza anawaambia abiria wote, bila ya kutamka neno, kwamba maelezo yale ni ya washamba. Kirangozi akiivunja safu, nani atakayeishika?

Na hapa hatuna budi kukiri jambo tulilolichelewesha. Siku ile ndege yetu ilipogusa ardhi ya Tabora, kabla haijasimama, mikanda ilianza kufunguliwa huku na huku. Nasi tulifungua wetu. Tulikuwa tumechelewa kikao. Tulisimama, tukaufungua mlango wa rafu iliyo juu ya vichwa ili tuwahi begi letu. Ndege ikakata kona na kufunga breki. Begi lililoanguka lilikuwa letu, lenye makabrasha ya semina. Lilipita karibu na kichwa cha mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwa mama yake upande wa pili wa ujia, likampiga mzee wa Urambo begani.

Mama yule hakusema neno. Alimgeuza mtoto kifuani na kumfunika kwa mikono yote miwili, akatutazama. Mzee aliliinua begi, akatupa, na kusema polepole: "Mwanangu, binti alisema tukae."

Tuliomba radhi, tukaketi. Watu walishuka wote, nasi tukabaki pale hadi mzee alipofungua mkanda wake mwenyewe, kama alivyofundishwa asubuhi ile, akanyanyuka. Kikao tulikikuta hakijaanza.

Ndugu wasomaji, tujisahihishe. Tahadhari ni kabla ya hatari, na safari haijesha hadi aliye mbele ya msafara aseme imekwisha. Mara nyingine utakapopanda ndege, kunja gazeti hili, hata kama umefika katika makala yetu, umsikilize mhudumu. Kisha geuza shingo, ukauhesabu mlango.